Miguu ya Tahir na Toroli la Vioo

Tanga waliamini kwamba Tahir hana miguu. Naanza na hilo mapema, maana usipolijua utadhani mimi ndiye mwenye wazimu: mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, nakimbia barabara ya Guangyuan Xilu, huku Guangzhou, China, mchana kweupe, mkononi nimeshika suruali ya mwanamume ambaye si mume wangu.

Naitwa Swalha. Nina ofisi ya mizigo ghorofa ya nne, na Tahir ndiye mfungaji wangu. Kila shati, pazia na kiatu kilichotoka kwangu kwenda Dar es Salaam miaka kumi na moja hii kimepita chini ya magoti yake. Nasema magoti kwa sababu hivyo ndivyo anavyofanya kazi. Anazishindilia bidhaa kwenye kiroba, anapanda juu, anapiga magoti, anavuta mkanda wa plastiki mpaka robota zima linashusha pumzi na kuwa gumu kama tofali. Kisha anachukua kalamu ya wino mzito, anaijaribu kwanza kwenye paja lake mwenyewe, halafu anaandika alama ya mzigo. Kwa kazi hiyo huvaa bukta iliyofifia na vikinga magoti vya raba alivyovizungushia selotepu ya kahawia. Ukimtazama kuanzia kiunoni kushuka utadhani ni kifurushi kilichorudishwa na forodha.

Kuanzia kiunoni kupanda ni mtu mwingine kabisa. Tahir ana majivuno, Mungu amsamehe. Akitaka kupiga simu nyumbani anavaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono, anajipaka uturi ingawa simu haijawahi kupitisha harufu, halafu anasimama nyuma ya robota kama waziri anayehutubia. Bukta inabaki huku kwetu. Miaka kumi na moja, hakuna mtu Tanga aliyewahi kumwona chini ya kifua.

Mchumba wake, Chausiku, ni mjane anayeshona sare za shule kule Ngamiani. Walijuana kwa ugomvi. Aliagiza kitambaa cha bluu akapata cha zambarau, akampigia mfungaji amtukane, na wakatukanana wiki tatu mpaka siku moja wakasahau kitambaa. Miaka miwili sasa. Chausiku hakuwa na shida na kifua cha Tahir. Mwenye shida alikuwa ami wa Chausiku, Mzee Mbarak, aliyemlea tangu mdogo na ambaye bila neno lake ndoa haifungwi. Mzee huyo amestaafu kazi ya reli. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa mabehewa, akiingia chini na tochi kutazama magurudumu.

Maneno yenyewe yalianzia msibani. Mtu mmoja aliuliza tu, hivi huyu mchumba wa Chausiku mbona hatujawahi kumwona kiunoni kushuka? Wali ulipoletwa alikuwa ameshapoteza mguu mmoja. Kahawa ilipopita, yote miwili ilikuwa imekatika, imeangukiwa na kontena.

Jioni ile ile Mzee Mbarak akapiga simu ya video. "Mwanangu Tahir, rudi nyuma kidogo tukuone."

Tahir alikuwa na bukta yake na madoa ya wino mapajani. Mtu mwenye akili angesema, ami, nipo kazini, nipe dakika nivae. Tahir yeye alijigandisha. Aliacha mdomo wazi, jicho moja kalifumba nusu, akabana pumzi, ili Tanga waone mtandao umekwama. Nilikuwa pale, nikadhani amepata kiharusi. Angefaulu kama si nzi. Nzi alitua kwenye shavu lake, akatembea mpaka puani, akanawa mikono, akarudi. Tanga nzima ilimwona nzi akitembea juu ya mtu aliyeganda.

Kuanzia siku hiyo Mzee Mbarak hakuamini tena chochote. Tahir alituma picha ya kusimama, mjukuu mmoja akachukua simu akamwonyesha mzee jinsi ya kumpachika paka miguu sita. Nauli ya kwenda nyumbani ningemkopesha, ila pasipoti yake ilikuwa imepelekwa kuongezewa muda na haingetoka kabla ya wiki mbili. Na wakati huo mwenye mashine ya kusaga wa mtaa wa pili, ambaye naye alikuwa anamtaka Chausiku, alianza kupita mbele ya nyumba ya mzee asubuhi na jioni, suruali ameikunja mpaka magotini.

Mzee akatoa masharti. Ipigwe filamu. Tahir atembee, na kamera itembee mbele yake ikimtazama, kichwa mpaka kidole, bila kukatwa mahali hata pamoja, maana palipokatwa ndipo watu hupachika. Na isitikisike. Mzee ana kizunguzungu, harusi ya mpwa wake aliitazama kwenye video ya simu akamtapikia jirani. Filamu ifike Ijumaa, watu wakitoka msikitini, wazee wakae waitazame. Isipofika, au ikifika inatikisika, posa ya Tahir inarudishwa na ya mwenye mashine inapokelewa.

Chausiku akanipigia mimi. "Dada Swalha, nakuomba. Yule akiachiwa afanye mwenyewe ataganda tena."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkuu wa filamu, bila kuomba, Jumanne asubuhi, kontena langu likisubiri kufungwa.

Bajeti ilitosha kukodi kamera moja kwa nusu siku. Kilichobaki ni hiyo kamera itatembeaje. Nikaenda na Tahir kwenye duka la jumla la vifaa vya picha. Mwenye duka, mama mmoja mfupi aliyekuwa anakula tambi, alitutolea fimbo yenye mota inayoituliza kamera hata ukipiga chafya. Nikaitaka. Moja? Moja. Mama akacheka mpaka tambi zikamtoka.

"Bu xing," akasema, yaani haiwezekani. Hauzi chini ya katoni sita.

Nikambembeleza, nikamwita laoban, bosi mkubwa, nikajifanya naondoka mara mbili. Akashuka mpaka katoni tatu. Nikaona nimeshinda, nikaanza kuuliza katoni moja ina ujazo gani na itakaa vipi kwenye kontena, na nilikuwa nimeshatoa kalamu ya kuandika oda wakati Tahir aliponivuta mkono.

"Bosi, tunataka kupiga filamu moja."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ukikaa Guangzhou miaka mingi, kitu kimoja hukioni tena kama kitu. Duka la pili lilikuwa na reli fupi ya kutelezeshea kamera, urefu wa mkono. Tahir angepiga hatua moja na nusu, filamu ikaisha. Duka la tatu lilikuwa na mkono mrefu wa chuma wa kuinulia kamera juu, uzito wake sawa na injini ya pikipiki. Tukarudi mikono mitupu.

Basi nikasema nitafute watu kwanza, vifaa vitafuata watu. Nikatangaza kwenye kundi la simu, na Jumatano wakaja watatu. Mimi sijui filamu, lakini najua kuchagua mtu wa kunibebea mali, nikawapa mtihani mmoja: chukua kikombe cha chai kilichojaa hadi mdomoni, toka kwenye lifti mpaka mezani kwangu, tone lisianguke. Mkono usiomwaga chai hautamtapisha mzee.

Wa kwanza alikuwa Bienfait, Mkongo muuza simu, mwenye kidege chake cha kurushia kamera. Chai aliimwaga kwenye zulia, lakini akatubembeleza tujaribu kidege hapo hapo koridoni. Tukajaribu. Picha ilionyesha kofia ya Tahir kutoka juu, na ncha mbili za viatu zikichungulia chini yake. Nikamwambia, ndugu, mtu huyu tayari anadhaniwa hana miguu, wewe unamwondolea na mwili?

Wa pili alikuwa Mwende wa Nairobi, anayepiga video za nguo. "Sista, hiyo ni kitu ndogo, nitashoot one take na phone," akasema, kisha akainywa chai, yote, na kunirudishia kikombe. Kweli hakumwaga. Lakini alipojaribu kumpiga Tahir picha alikuwa anacheza huku anarudi nyuma, na mimi mwenyewe nikatafuta pa kukaa.

Wa tatu ni Wilfried wa Lubumbashi. Ndiye anayepiga video za kwaya na harusi za Wakongo wote wa hapa. Alikuja na skafu shingoni, kwenye joto lile. Akakitazama kikombe, hakukigusa.

"Maman Swalha," akasema, "nani atanisukuma?"

"Nikusukume uende wapi?"

"Camera haitembezwe na miguu, non. Mutu akitembea, picha inatembea juu-chini, juu-chini, kama ngamia. Cinéma inataka magurudumu. Mi nitaikala, camera itaikala, na mutu moja wa mikono muzuri atasukuma pole pole. Voilà. Unipatie kintu ya magurudumu."

Akavuta kiti changu cha ofisi, akakaa na kikombe, nikamsukuma mimi mwenyewe mpaka kwenye lifti na kurudi. Tone halikuanguka. Nikampa kazi.

Kitu cha magurudumu ndicho kitu pekee ambacho Guangyuan Xilu hakiwezi kukosekana. Matoroli ya wapagazi yanapita mlangoni kwetu tangu asubuhi, mizigo imepangwa juu kuliko mtu. Tukayakagua kama tunanunua ng'ombe. Wilfried alikuwa anainama na kusikiliza magurudumu. Tukachagua la Mzee Liang, lenye magurudumu manne ya raba nzito. Yeye mwenyewe ana sifa mtaa mzima: aliwahi kusukuma taa za vioo za ukumbi wa harusi kutoka duka mpaka lori na hakuna kipande kilicholia.

Tatizo la Mzee Liang lilikuwa moja. Hajui kwenda polepole. Wapagazi wanalipwa kwa safari, anayetembea anakula kidogo, na miguu yake imekwisha zoea. Tulimjaribu akiwa na Wilfried juu, akatoka kama anafukuzwa, skafu ikipepea. Nikamwambia nitamlipa nusu siku nzima, atembee tu. Akaona nimemtukana. Wenzake wampite, wamwone amezeeka? Mwisho Tahir ndiye aliyepata dawa. Alichukua karatasi nyekundu yenye picha ya glasi, ile tunayobandika kwenye mizigo ya kuvunjika, akambandika Wilfried kifuani. Mzee Liang alipoiona tu, mabega yakashuka, mikono ikalainika, akasukuma kama anapeleka mtoto mchanga kliniki. Ila akaomba siku ya kazi avae barakoa na kofia, asijulikane.

Ijumaa, baada ya swala, tulikutana kwenye kichochoro cha nyuma ya jengo letu, kinachotokea barabara kubwa. Kichochoro kina sakafu nzuri. Pia ndipo malori ya bandari ya Huangpu yanapopakia, lakini nilipiga hesabu kwamba saa tisa yatakuwa yamekwisha ondoka.

Wilfried akataka kiti cha kuweka juu ya toroli. Viti vyote vilicheza. Tukaweka robota la taulo, akazama. Tukaweka robota la jinzi za Xintang zilizokuwa zinangoja kontena, akakaa imara kama kwenye kiti cha enzi, uso ameuelekeza nyuma, kamera ikipita pembeni ya bega la msukumaji, maana ilitakiwa imtazame Tahir anayefuata. Tahir alifika na suruali mpya ya kijivu. Alipoona Wilfried anayumba kidogo kwenye kona, uso ukambadilika.

"Huyu hajafungwa vizuri," akasema.

Akavua suruali, akanipa niishike isikunjamane. Chini alikuwa na bukta yake na vikinga magoti vyake, nadhani hulala navyo. Akapanda juu ya robota na kumfunga Wilfried. Nimeona Tahir akifunga vitu vingi, lakini siku hiyo alifunga kwa moyo. Alipitisha mkanda kiunoni, akapitisha mwingine mapajani, akaifunga kamera kwenye mikono ya Wilfried na mikono kwenye kifua, akavuta, akapiga goti tumboni kwa Wilfried, akavuta tena. Wilfried akashusha pumzi kama robota.

"C'est trop, kaka Tahir, inazidi, c'est trop!"

"Haitikisiki sasa," akasema Tahir. Akamzungushia nailoni mpaka kwapani, vumbi lisiingie. Kisha, na hapa naapa kwamba wala hakujua anafanya nini, akatoa kalamu, akaijaribu pajani kwake, na kuandika juu ya ile nailoni, kwa herufi kubwa, alama ya mizigo yangu ya Dar es Salaam na namba yake.

Wilfried akabonyeza kamera kwa kidole kimoja kilichokuwa bado huru. "Inaandika," akasema. "Bon. Vaa suruali, tuanze."

Mzee Liang akasema anafuata kofia yake, dakika moja. Tahir akageuka kunawa wino mikononi. Mimi nikageuka kuipiga suruali vumbi. Wilfried hatukumwacha peke yake hata muda wa kuchemsha yai.

Lori moja lilikuwa limechelewa. Mpagazi mwingine, kijana wa watu mwenye vidude vya muziki masikioni, alikuja mbio kukusanya mizigo yangu ya mwisho. Akaliona toroli. Juu yake kuna robota, limefungwa, lina nailoni, lina alama, lina picha ya glasi. Kwamba kulikuwa na mtu juu yake halikumshangaza hata kidogo, kwa sababu wateja wetu ndivyo walivyo. Wafanyabiashara wa kwetu hukaa juu ya marobota yao mpaka mlango wa lori, wakiogopa mali isibadilishwe njiani. Wengine hulala. Wengine hupiga kelele vile vile kama alivyokuwa anapiga Wilfried. Akasema zou, twende, akasukuma.

Nilisikia Kifaransa kikienda mbali. Nikageuka na kuona uso wa Wilfried ukipungua.

Tahir akatoka mbio. Nikamwita, "Tahir, suruali!" na nikatoka mbio nyuma yake. Sijakimbia tangu shule. Toroli likaingia Guangyuan Xilu, likapita katikati ya wanunuzi, likakwepa ndoo ya samaki, likakwepa mama mwenye mwavuli. Na kwa sababu ya ile picha ya glasi kijana alikwepa kila shimo na kila kifuniko cha mtaro, kwa kasi yote ile, kwa ulaini ambao hata Mzee Liang angemvulia kofia. Wachina wamezoea mengi kutoka kwetu, lakini walisimama. Mbele Mkongo aliyefungashwa, akilia kwa Kifaransa. Nyuma yake mtu mwenye kofia ya sherehe, shati jeupe na bukta. Nyuma yake mimi, suruali juu kama bendera.

Tahir alikuwa anapiga kelele. Kichina chake chote kilimtoka kichwani, akabaki na Kiswahili. "Simameni! Simameni jamani! Chausiku wangu huyo! Mnampeleka Huangpu, Chausiku wangu huyo!"

Tuliwakuta kwenye mlango wa lori, wanaume wanne wameshamnyanyua Wilfried hewani. Tahir akapanda, akakata mikanda kwa meno. Wilfried akashuka, akajitoa nailoni polepole kama mtu anayetoka kwenye suti, akanikabidhi kamera.

"Maman Swalha," akasema, "mi naacha cinéma. Dieu anaona." Akaondoka na picha ya glasi kifuani.

Kamera ilitakiwa irudi kwa mwenyewe saa kumi na moja. Wa kuishika hakuna, Mzee Liang amekasirika toroli lake kuguswa. Tukapanda ofisini tukatazama tulichonacho. Ilikuwa filamu ya dakika nne na nusu, haijakatwa, haitikisiki, ukiweka kikombe cha chai juu ya ile picha hakimwagiki. Ila kwenye kona ya kwanza ya kichochoro kamera ilikuwa imeinama kidogo, na mikono ya Wilfried haikuweza kuinua. Filamu nzima ni Tahir kuanzia kifuani kushuka. Bukta, wino, selotepu, magoti yakipanda na kushuka. Uso haupo. Nyuma yake mwanamke mnene anakuja na suruali, na huyo kwa bahati mbaya kwa kuwa yuko mbali anaonekana mzima, uso na kila kitu.

Tahir akakaa chini. "Sitaituma."

"Wazee wanakaa saa moja ya huku, Tahir."

"Afadhali wajue sina miguu kuliko waione hii. Miaka miwili namwambia niko ofisini, bosi. Namwambia nasimamia. Atazame nilivyo." Akashika magoti yake kwa mikono miwili kama anayafunika. Alikuwa analia na hakujificha.

Hapo nikapandwa na hasira, kwa sababu nami nilikuwa nakaribia kulia na sipendi. Nikamwambia watoto wangu watatu wanasoma kwa magoti hayo, ofisi hii imesimama juu ya magoti hayo, na akiyaonea haya tena mbele yangu nitamfunga kwenye kiroba mimi mwenyewe. Nikamwambia mwenye mashine ya kusaga naye ana miguu miwili na ataoa nayo kesho. Simu ikalia kidogo, ujumbe wa Chausiku: *Ami ameshavaa miwani.*

Tahir akabonyeza kutuma. Kisha akavaa kofia, akaenda kusimama nyuma ya robota.

Chausiku alituwekea simu juu ya kabati ili tuwaone. Sebule imejaa wazee na makanzu. Mzee Mbarak amekaa mbele ya televisheni na ndoo katikati ya miguu yake. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa mlangoni, kwenye kiti, miguu ameinyoosha. Filamu ikaanza. Mzee aliinama mbele kama anaingia chini ya behewa. Ilipoisha akasema irudiwe. Ikarudiwa. Hakuna aliyekohoa. Ndoo haikuguswa.

"Haijatikisika," akasema. "Wala haijakatwa. Miguu ni miwili, inafanya kazi. Goti la kushoto lina hitilafu." Akavua miwani. "Sasa. Nusu ya juu tumeijua miaka miwili. Nusu ya chini tumeiona leo. Nani kati yetu amewahi kuziona zote pamoja? Hii inaweza kuwa miguu ya mtu yeyote. Na huyo mwanamke anayemkimbiza na suruali ni nani?"

Mwenye mashine ya kusaga akakohoa sasa. Ofisini, nilitamani ardhi inimeze.

"Irudisheni pale anaposema," akasema Chausiku. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. Wakarudisha, na sebule yote ikamsikia Tahir akilia barabarani, Chausiku wangu huyo, mnampeleka Huangpu.

"Sauti nayo hupachikwa," akasema Mzee Mbarak, lakini alisema taratibu. "Mimi nauliza swali moja tu, mwanangu. Miguu hii ni ya nani?"

"Yangu, ami," akasema Chausiku.

Alikuwa amesimama mbele ya televisheni na mkono wake uko juu ya kioo, kwenye lile goti la kushoto. "Yangu. Na hiyo selotepu aitoe, itamchuna ngozi."

Nilimtazama Tahir. Alikuwa ameganda tena, mdomo wazi, nikasema huyu atatuua. Kisha akapumua. Akashika simu kutoka juu ya robota, akaiegemeza kwenye dirisha, akarudi nyuma hatua nne, katikati ya ofisi, na kofia yake, na shati lake jeupe, na bukta na wino na magoti yake, akasimama hapo apate kuonekana.

Mzee Mbarak alisogea mpaka karibu na simu ya kabatini. Alianzia kwenye kofia akashuka mpaka kwenye vidole vya miguu, akapanda tena, bila haraka, kama mtu aliye kazini. Halafu akanitazama mimi, nimesimama pembeni, suruali ya kijivu bado iko mkononi.

"Mama," akaniambia, "mpe mkwe wetu suruali yake."

Nikampa.